Kadi ya Mia Sita na Kumi na Tatu

Kaeni kwenye benchi hilo, Profesa hayupo. Yuko kikaoni, na chai ya kikao nimeipeleka mimi mwenyewe pamoja na maandazi, kwa hiyo msitegemee atatoka mapema. Mzee, wewe uliyemleta binti kuandikishwa, vuta kiti kile chenye mto. Ninyi wa mwaka wa kwanza, songeaneni. Nina fumbo la kuwapa mkiwa mnasubiri. Jibu lake sina, na ninalihitaji kabla ya kesho saa nne asubuhi.

Naitwa Skolastika, hapa wote wananiita Bi Skola. Nimekuwa katibu muhtasi wa idara hii kwa miaka ishirini na tisa. Wakuu wa idara sita wamepita mbele ya meza hii, wengine wakaondoka kwa keki na wengine kwa barua, na barua hizo nilizipiga chapa mimi. Idara inachunguza namna maneno ya siasa yanavyoingia kichwani mwa mtu, na yanavyomfanya yakishaingia. Wenyewe wanaita mawasiliano ya kisiasa na saikolojia ya habari. Marehemu mama yangu aliwahi kuniuliza hao mabwana wanafanya kazi gani. Nikamwambia wanapima maneno. Akaniuliza, kwa kilo?

Basi, walikuwepo watafiti watatu hapa, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Lusajo, mtu wa Tukuyu, mrefu, koti moja mwaka mzima. Kipaji chake kuuliza. Wenzake wakifurahia jibu, yeye anatafuta swali lililobaki chini yake. Siku moja kikao kizima kililalamika kwamba wanafunzi hawasomi magazeti. Lusajo akanyoosha mkono. "Sisi tuliomo humu, nani amesoma gazeti leo?" Wiki ile hakupendwa.

Wa pili ni Nyamizi, mtoto wa Urambo, kule Tabora. Kipaji chake sikio. Wewe unasikia maneno, yeye anasikia koo lililoyatoa. Mwaka aliokuja, kaka yangu alikuwa amelazwa na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nyamizi akapita hapa asubuhi, nikamwambia, "Karibu, Profesa yupo." Akasimama. "Bi Skola, nani anaumwa?" Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa, nikarudi mezani.

Wa tatu ni Hamdani, Mpemba wa Wete, mpole, mwenye adabu zake. Kipaji chake hesabu, lakini sisemi kujumlisha, maana hata mashine inajumlisha. Yeye anaona kilichozidi na kilichopungua. Mara ya kwanza kuingia ofisini humu alinipa shikamoo, akatazama kabati lile pale, akasema, "Bibi, faili la kumi na saba halipo." Halikuwepo tangu enzi za mkuu wa idara wa tatu.

Figa moja haliinjiki chungu, na hawa walikuwa mafiga matatu hasa. Wote watatu walikuwa na mikataba mifupi, ile ya mwaka mmoja mmoja inayomfanya mtu asinunue kabati. Chuo kilikuwa kimeahidi nafasi moja ya uhadhiri wa kudumu kwa atakayeipatia idara utafiti wa maana. Nafasi moja. Hilo lishikeni.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wasapu ilijaa zile sauti ambazo mtu hajui zimetoka wapi, shemeji katuma, jirani katuma, kiongozi wa kwaya katuma: msitoke, wanakuja, wameshaandaa orodha. Profesa Kihwele, ndiye mkuu wetu wa sasa, akasema idara ipime. Je, sauti hizi zinamtisha mtu kiasi gani, na hofu hiyo inapanda vipi siku ya kura inapokaribia?

Sasa nawaeleza alichofanya kila mmoja.

Lusajo ndiye aliyepanga namna ya kupima. Watu wa mjini wangejitolea sauti walizotumiwa. Kila sauti ingesikilizwa, maneno yake yaandikwe kwenye kadi, na chini ya maneno msikilizaji aandike namba ya hofu, moja mpaka saba. Moja ni kwamba mwili haukushtuka. Saba ni kwamba umetaka kuvua hedfoni masikioni ukimbie. Halafu Lusajo akauliza, "Na msikilizaji mwenyewe, nani anampima?" Watu wakaguna. Akasema muuza nyama mwaminifu huweka jiwe la kilo moja kwenye mizani kila asubuhi kabla hajauza, ajue kama mizani bado ni ile ile. Kwa hiyo kila siku, kabla ya sauti mpya, msikilizaji asikilize tena sauti namba moja na aipe namba upya, kwenye daftari la pembeni, si kwenye kadi. Sauti hiyo wakaiita jiwe.

Jiwe lenyewe nalijua kwa moyo. Ni mwanamke, na Nyamizi alinieleza kwamba anaongea taratibu, kama anayekuelekeza njia ya zahanati. "Jamani, kesho msiwatoe watoto. Nyuma ya stendi wameshachimba mashimo, nimeyaona kwa macho yangu. Mwenye kuelewa ameelewa." Nyuma ya stendi hakukuwa na shimo hata moja. Nilikwenda kuangalia, na sikuwa peke yangu.

Nyamizi ndiye aliyesikiliza. Kwa kawaida ya kazi hii wasikilizaji huwa wawili, ili mmoja akikosea mwenzake aonekane. Wa pili alikuwepo, akadumu siku tisa. Akaja hapa na ufunguo wa chumba, akaniambia mtoto wake amemuuliza mbona anafunga mlango mara tatu. Akauweka ufunguo mezani akaenda zake. Fedha ya kumtafuta mwingine haikuja, na Nyamizi akasema, "Acheni, nitaendelea." Alikaa chumba hiki cha jirani, ukuta huu huu, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa kumi. Sauti zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Kila moja aliisikiliza mara tatu au nne ili asikose neno. Namba ya simu waliyopewa watu wa mjini kutuma sauti ilikuwa namba yake mwenyewe, kwa sababu simu ya mradi nayo haikuja. Hilo pia lishikeni.

Mwezi wa tatu alikuwa akitoka mle mbio, nampa maji ya moto na tangawizi. Mwezi wa tano alikuwa akitoka, anafunga mlango, anakwenda zake. Mwezi wa saba kaka yangu alifariki. Nilipomaliza matanga nikarudi kazini, Nyamizi akapita, nikamwambia, "Karibu, Profesa yupo." Akasema, "Asante, Bi Skola," akaingia ndani. Nilikaa nikautazama mlango. Sikukasirika. Niliona tu kwamba kuna kitu hakipo, ila sikujua kukitaja.

Kadi zake alikuwa akiniletea kila alasiri, na mimi nazipiga chapa kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine.

Hamdani alipewa namba zote uchaguzi ulipokwisha. Akazipanga, akachora mstari wake. Alitarajia mstari upande kuelekea siku ya kura, na sisi sote tulitarajia hivyo. Mstari ukashuka. Kwa mujibu wa kadi zetu, kadiri kura ilivyokaribia na maneno yalivyozidi kuwa mabaya, ndivyo hofu ilivyopungua. Akatazama jiwe. Sauti ile ile ya mwanamke yule yule: mwezi wa tatu saba, mwezi wa nne sita, mwezi wa sita nne, mwezi wa nane mbili. Wa tisa na wa kumi, moja moja moja mpaka mwisho.

Profesa akasema, "Mizani imeharibika. Zitupeni kadi hizi." Alisema kwa upole. Kazi ya miezi minane, na hakuna aliyepandisha sauti. Lusajo alikunja koti lake akaliweka magotini. Nyamizi alisema, "Sawa, Profesa."

Mwingine angezitupa, maana kila atakayesoma angesema msikilizaji mmoja, mizani mbovu, utafiti hakuna. Hamdani aliomba siku mbili. Akazihesabu upya. Sauti mia sita na kumi na mbili. Kadi mia sita na kumi na tatu.

Akaja mezani kwangu na karatasi. "Bibi, kuna mstari mmoja umezidi. Hauna namba ya sauti. Umeupiga chapa lini huu?"

Nikautazama. "Sikumbuki, mwanangu," nikamwambia.

Akaenda chumba cha jirani. Mlango aliuacha wazi, kwa adabu zake, kwa kuwa mle yumo mwanamke peke yake, kwa hiyo nilisikia.

"Dada Nyamizi, hii kadi haina namba. Naomba nikusomee."

"Soma."

Akasoma. "Nyamizi, mama hali yake si nzuri. Tangu jana anakuita kwa jina. Njoo kesho, usingoje keshokutwa." Akamalizia. "Hofu, mbili."

"Ndiyo. Ni dada yangu huyo, yuko Urambo."

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua. Nilijua ni dada, nilijua anamsema mama. Ilikuja katikati ya zile za watu wa mjini. Nikatoa kadi, nikaandika, nikaweka namba, nikachukua nyingine."

Nilisikia kiti kinasogezwa. "Na mama?"

"Hiyo ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa nane. Mama akafariki Alhamisi."

Alikwenda kuzika, hilo tunalijua sote, tulimchangia rambirambi, na orodha niliiandika mimi. Akarudi Jumatatu ya pili. Tulimpa pole, akasema tumeshapoa. Tukadhani ni ujasiri. Watu wa hapa tunapenda kusifu mtu asiyelia msibani, tunasema huyu ana moyo. Mazoea yana tabu.

Hamdani akamuuliza kama anaweza kuitumia kadi ile katika utafiti. Nyamizi akasema, "Itumie." Akamuuliza mara ya pili, na mara ya tatu, kama anayeposa. Kila mara jibu ni lile lile, kwa sauti ile ile. "Itumie tu."

Akaichukua kwa Lusajo. Na hapo Lusajo akauliza swali lake la pili, ambalo leo mtalikuta kwenye majarida ya nchi ambazo sijawahi kuzifikia. Alisema, "Mizani hii imeharibika, haya. Mjini kuna ngapi kama hii?"

Wakachukua jiwe, wakaenda nalo mjini. Sokoni, gereji, misikitini na makanisani, kwenye vikoba vya akina mama wanaoweka akiba. Watu mia mbili na arobaini. Waliopata sauti chache mwaka ule waliliogopa jiwe, wakaliwekea sita, wakaliwekea saba. Waliopata nyingi, kila siku, kila kundi, waliliwekea mbili. Halafu wakawasikilizisha tangazo la kweli la mamlaka ya maji, kwamba bomba la mtaa wao limeingia maji machafu na watoto wanaharisha. Wale wa mbili wakaliwekea mbili hilo nalo. Mama mmoja muuza dagaa alimrudishia Lusajo hedfoni akamwambia, "Kaka, haya tumeshayasikia." Alikuwa hajayasikia. Tangazo lilikuwa limetoka asubuhi ile.

Ndiyo ukawa utafiti. Vitisho vingi havimfanyi mtu awe mwoga. Vinamfanya afe ganzi, na mwenye ganzi huwezi kumwonya tena hata kwa la kweli. Kadi ya mia sita na kumi na tatu iliwekwa ukurasa wa kwanza, bila jina. Chuo kikapongezwa. Makamu mkuu wa chuo akaja hapa mwenyewe, akala karanga zangu zote, akasema ile nafasi ya kudumu sasa itolewe.

Kamati ya watu sita imekaa mara mbili. Mara zote mbili kura ni mbili, mbili, mbili.

Wanaomtaka Lusajo wanasema bila swali hakuna kitu. Bila jiwe lake tusingejua kama mizani imeshuka, na bila swali la pili tungekuwa na msiba wa mtu mmoja tu, si elimu. Wanaomtaka Hamdani wanasema kazi ile ilishatamkiwa itupwe, na kitu kilichotupwa ni cha aliyekiokota. Kadi ilikuwa mbele ya macho ya wengi, wanasema, yeye ndiye aliyeiona. Wanaomtaka Nyamizi hawasemi mengi. Wanasema wenzake walitoa akili, yeye alitoa mama.

Na wenyewe wamepita hapa mezani, mmoja mmoja, wiki hii.

Lusajo alikuja Jumatatu na koti lake. Mkataba wake unaisha tarehe thelathini, na ni wa tano. "Bi Skola, sitakuficha, naitaka," akasema. "Nina miaka arobaini na mitatu na bado naazima anwani. Lakini ukiniuliza kuhusu Nyamizi, nitakuuliza hivi. Nafasi ni ya kuendeleza kazi hii hii. Ukimpa, si ndiyo umemrudisha kwenye hedfoni?" Nikamuuliza, "Na hilo unalisema kwa ajili yake au kwa ajili yako?" Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui," akasema. "Nimejiuliza, sijui."

Hamdani alikuja Jumanne. Mkewe amejifungua, wako chumba kimoja na mama mkwe, na mama mkwe si mtu wa kunyamaza. Naye anaitaka. "Lakini kumnyima dada Nyamizi, Bibi, ni kumnyang'anya mara ya pili," alisema. "Nilimuomba kadi ile wakati hana uwezo wa kukataa. Alisema itumie. Sasa mie najiuliza, nani alinijibu pale? Yeye, au ile ganzi?" Nikamwambia basi ajitoe. Akanitazama, akatazama kabati la mafaili. "Nna mtoto," akasema.

Nyamizi alikuja jana. Nilimtengea kiti, nikampa chai, nikamuuliza anaonaje.

"Mkinipa sawa, Bi Skola. Msiponipa sawa."

"Lakini wewe unataka nini, mwanangu?"

Alifikiri. Niliona anatafuta kweli, kama mtu anayepapasa mfuko wa gauni akijua aliweka kitu humo. "Daktari aliniuliza hivyo hivyo," akasema. "Aliniambia nipumzike, kwamba hisia itarudi. Anasema siku moja nitasikia maji ya moto yakimwagikia mkono, nitaruka, na hapo nijue imeanza. Nami huwa najaribu. Nikipika chai naweka mkono karibu." Akanywa chai yangu. Ilikuwa inafuka. Aliimeza yote kama maji ya mtungi, akanishukuru, akaosha kikombe, akakirudisha.

Jana hiyo hiyo Profesa akatoka ofisini anatafuta miwani yake. Akaniambia, "Bi Skola, wewe umekaa nao kuliko sisi. Kamati imechoka. Andaa barua, weka jina unaloona ni haki, kesho kutwa saa nne nitasaini." Nilidhani anatania. Alipata miwani, akaivaa, akarudi ndani. Hakuwa anatania.

Barua iko kwenye droo hii. Naweza kuwaonyesha. "Kwa heshima, napenda kukujulisha, wewe," halafu vidoti, "kwamba umeteuliwa kuwa mhadhiri wa kudumu wa idara hii." Vidoti nimevihesabu, ni ishirini na viwili. Jina lolote kati ya hayo matatu linaenea.

Nanyi mngeniambia, mama, chagua basi, kwani shida nini, wewe si hakimu wa kwanza kubahatisha. Ngojeni. Kuna kitu sijawaambia, na sijamwambia mtu.

Hamdani aliponiuliza ile kadi niliipiga chapa lini, nilisema sikumbuki. Ninakumbuka. Ilikuwa Jumanne ile ile, saa tisa na dakika ishirini alasiri, na kompyuta nayo imeandika saa hiyo, kwa hiyo Hamdani naye anajua, ila adabu zake zinamzuia. Nyamizi aliniletea kadi tano. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikasema, Nyamizi, mama hali yake si nzuri, tangu jana anakuita kwa jina. Niliisoma. Nililiona jina. Jina la Nyamizi humu ndani ni moja tu, na lilikuwa limekaa nyuma ya ukuta huu, hatua saba kutoka kwenye kiti changu. Nikapiga "hofu, mbili." Nikachukua ya tano.

Basi la Tabora na Urambo linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Angepanda Jumatano, angefika Jumatano hiyo hiyo jioni. Mama yake aliishi mpaka Alhamisi saa kumi jioni. Hizo hesabu nimezifanya mimi, siyo Hamdani.

Mimi sikusikiliza sauti hata moja, mjue. Nilizipiga chapa tu. Nilidhani ganzi ni ugonjwa wa wenye masikio. Na sasa nawasimulia haya, nasikiliza sauti yangu mwenyewe, haitetemeki, na hilo ndilo linalonitisha kidogo. Kidogo tu. Labda mbili.

Kwa hiyo mkono utakaoandika jina ni huu huu. Nikiandika Nyamizi, je, ni haki yake au ni mimi natafuta kulala? Nikiandika Lusajo au Hamdani, je, ni haki yao au ni kwamba sitaki kumwona Nyamizi akipita mlango huu miaka ishirini mingine? Nikiwaza nikimaliza, narudi pale pale. Aliyeuliza, aliyesikiliza, aliyeona. Toa mmoja, kazi haipo. Nafasi ni moja.

Namsikia Profesa anavuta viti, kikao kinakwisha. Mzee, wewe umekaa kimya muda wote, na binti yako, na ninyi wengine. Ningekuwa nimewapa kalamu hii, mngeandika jina la nani kwenye vidoti hivyo?

Lakini msijibu haraka. Nilipowasomea ile kadi mara ya kwanza, pale nilipowasimulia Hamdani yuko chumba cha jirani, mama anakuita kwa jina, njoo kesho, kila mmoja wenu alisikia kitu au hakusikia. Moja mpaka saba. Nipeni namba kwanza, halafu ndiyo mnipe jina.